Miezi Kumi ya Tufani

Mwalimu wetu wa fasihi alipofariki, mwenzetu mmoja alimnunulia nyota.

Alitutumia picha ya cheti kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma darasa moja. Karatasi ilionekana nzito, ina mhuri wa rangi ya dhahabu, namba ndefu za kuonyesha mahali nyota ilipo, na jina la mwalimu limeandikwa kwa herufi za madaha. Vikaragosi vya machozi vikamiminika hadi skrini ikajaa. Mimi ndiye niliyetia mchanga kwenye kitumbua. Niliandika kwamba kampuni zinazouza majina ya nyota zinauza karatasi tu. Jina huingia kwenye daftari la muuzaji na kufia humo humo, na hakuna mwanaastronomia hata mmoja atakayelitumia. Kundi zima likanyamaza. Baada ya saa nzima, aliyenunua akaandika: "Wewe bwana hujabadilika hata kidogo."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilichosema kilikuwa kweli, lakini msibani hata kweli hubisha hodi kwanza. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia njia halali ambazo watu wa fasihi hufika angani, waandishi na wahusika wao, na nikakuta ziko nyingi kuliko nilivyodhani. Nikakuta pia kwamba mwalimu wetu alikwisha kutuonyesha mojawapo, bila yeye mwenyewe kujua, kwa kitabu kisicho na jalada.

Kitabu chenyewe kilikuwa Tufani, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na S. S. Mushi na kuchapishwa mwaka 1969. Mwaka huo huo ilitoka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere, na mwaka huo huo binadamu alikanyaga mwezi kwa mara ya kwanza. Nakala yetu ilikuwa moja kwa darasa zima. Ilipita mkono kwa mkono mpaka kurasa za mwisho zikachomoka zikapotea, ikabidi mwalimu atusimulie mwisho wa mchezo kwa mdomo: jinsi mzee Prospero, mtawala aliyepinduliwa na ndugu yake akaishia kisiwani na binti yake mchanga, anavyowasamehe maadui zake, anavyoapa kuivunja fimbo yake ya uchawi na kukizamisha kitabu chake majini. "Kukizamisha kitabu," alirudia, akatutazama mmoja mmoja, sisi tulioharibu cha kwake.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nasoma orodha ya miezi ya sayari Uranusi. Macho yakaanza kugongana na watu ninaowajua. Miranda. Ariel. Prospero. Caliban. Ferdinand. Francisco. Stephano na Trinculo, wale walevi wawili. Sycorax. Setebos. Nikahesabu kwa vidole, vikaisha vyote: kumi. Kiswahili kinatumia neno moja kwa mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, kwa hiyo nilipomwambia ndugu yangu kwamba Tufani ina miezi kumi, aliniuliza ni mvua gani hiyo isiyokatika.

Sayari iliyo mbali hivyo ilipataje kujazwa watu wa jukwaani? Kisa chake kinaanza kwa mfalme.

William Herschel alikuwa mwanamuziki aliyejitengenezea darubini zake mwenyewe. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa bustanini kwake mjini Bath, Uingereza, aliona kitu ambacho mwanzoni alikidhania kuwa nyota ya mkia. Kumbe ni sayari. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zimejulikana tangu kale kwa sababu zinaonekana kwa macho bila taabu; hii ilikuwa ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Herschel akataka iitwe Nyota ya George, kwa heshima ya mfalme George III, ambaye naye alimwekea posho ya pauni 200 kwa mwaka. Nje ya Uingereza jina hilo halikupata wateja. Mjerumani Johann Bode akapendekeza Uranus, mungu wa anga katika hekaya za Wagiriki, na hilo ndilo lililoshika. Almanaka ya mabaharia wa Uingereza iling'ang'ania jina la mfalme wao mpaka 1850, kisha nayo ikasalimu amri.

Mwaka 1787 Herschel aligundua miezi miwili ya sayari yake. Ilikaa miaka 65 bila majina, inaitwa kwa namba kama wafungwa. Mwaka 1851 William Lassell akaongeza miwili mingine, na mwaka uliofuata John Herschel, mtoto wa yule mgunduzi, akaipa yote minne majina kwa mkupuo. Miwili ya baba yake akaiita Titania na Oberon, malkia na mfalme wa viumbe wa msituni katika mchezo wa Shakespeare. Miwili ya Lassell akaiita Ariel na Umbriel, viumbe wa hewani na wa gizani kutoka shairi la Alexander Pope, shairi refu la dhihaka kuhusu binti aliyekatwa shungi la nywele. Ariel yumo pia ndani ya Tufani, ndiyo maana nami namhesabu.

Napenda sana mpangilio huu wa mambo. Baba alitaka kumpa mfalme wa kweli sayari nzima, akashindwa. Mwana akampa mfalme wa mchezo mwezi mmoja tu, na jina halijabanduka hadi leo.

Hapo ndipo ninaposimama mimi katika jambo hili zima: mhusika wa kubuni ni mwenye jina bora kuliko mtawala, na mara nyingine bora kuliko hata mwandishi wake. Oberon hakutoza mtu kodi. Hakuna siku nyaraka za siri zitakapofunguliwa tukajua Miranda alimtenda nani nini. Yote waliyoyafanya yako ndani ya kitabu, na kitabu kila mtu anaweza kukifungua. Hata sheria za kutoa majina zinaonekana kulijua hilo. Kwa asteroidi, yale mawe madogo yanayolizunguka jua, mwanasiasa au mwanajeshi hawezi kupewa jina mpaka ipite miaka 100 tangu afariki. Mhusika wa hadithi hasubiri chochote.

Baada ya John Herschel, mlango ukabaki wazi. Gerard Kuiper alipogundua mwezi wa tano mwaka 1948, akauita Miranda. Kisha Januari 1986 chombo cha Voyager 2 kikapita karibu na Uranusi, na katika picha zake ikaonekana miezi mingine ya ndani, midogo, imebanana kama abiria: Cordelia, Ophelia, Bianca, Cressida, Desdemona, Juliet, Portia, Rosalind. Belinda naye, yule binti wa shungi. Puck alikuwa amekwisha kuonekana wiki chache kabla, chombo kikiwa bado njiani.

Aliyesoma Mabepari wa Venisi anamkumbuka Portia, mwanamke aliyevaa nguo za kiume akaingia mahakamani na kumwokoa Antonio na kisu cha Shylock. Leo ni jiwe lenye upana wa kilomita 135 hivi, linaizunguka Uranusi kwa muda wa saa 12 na dakika chache. Lakini Nyerere aliwatafsiri Portia wawili: wa pili ni mke wa Brutus katika Juliasi Kaizari. Huyo hakupewa mwezi. Kaizari mwenyewe ana kasoko, yaani shimo kubwa la mviringo lililoachwa na jiwe lililogonga, kwenye Oberon, pamoja na Antony, Hamlet, Othello, Lear na Macbeth, kwa sababu Oberon imewekewa wanaume wa tanzia. Titania imewekewa wanawake, na huko kuna kasoko ya Jessica, binti wa Shylock, na ya Calphurnia, mke wa Kaizari. Mume mwezi mmoja, mke mwezi mwingine. Alimwota anauawa, akamsihi asitoke nyumbani siku ile, hakusikilizwa. Sasa yuko mbali naye kwa maelfu ya kilomita.

Miranda ndiye wa kushangaza kuliko wote kwa sura. Ni mdogo, upana wake haufiki kilomita 500, lakini uso wake umeraruka na kushonwa upya. Una jabali ambalo kwa makadirio huenda likafika kilomita 20 kwenda juu. Jina lake ni Verona, mji wa Romeo na Juliet. Na kwenye uso huo huo wa Miranda kuna kasoko iitwayo Prospero, ingawa Prospero ana mwezi wake mwenyewe huko nje, unaochukua zaidi ya miaka mitano kumaliza mzunguko mmoja. Baba yuko mbali, na bado ana chumba kwa binti yake.

Nataka nikae kidogo kwa Perdita, kwa sababu hapo jina na jiwe vilikutana kwa namna ambayo nikiisimulia watu hudhani natia chumvi. Mwezi huu ulipigwa picha na Voyager 2 mwaka 1986, na hakuna aliyeuona. Picha zikakaa kwenye hifadhi. Mwaka 1999 Erich Karkoschka alizipitia upya, akakuta kidoa kinachosogea. Kikatangazwa kuwa mwezi. Lakini hakuna darubini iliyoweza kukipata tena, na mwezi ukaondolewa kwenye orodha rasmi. Mwaka 2003 darubini ya Hubble ikaupata, mahali pale pale ulipostahili kuwa. Jina ukapewa Perdita: neno la Kilatini lenye maana ya mwanamke aliyepotea, na katika tamthilia ni mtoto wa mfalme aliyetelekezwa akiwa mchanga, akalelewa na mchungaji, akatambuliwa baada ya miaka 16. Mwezi ulikaa miaka 17. Walioupa jina walijua walichokuwa wanafanya.

Sio wote wamefikiriwa hivyo. Margaret, mjakazi wa kichekesho kimoja cha Shakespeare, alipewa mwezi ambao kati ya miezi ya mbali ya Uranusi ni wa pekee usiokwenda kinyumenyume. Sijaona uhusiano wowote, na labda haupo. Ila Sycorax na Setebos nawapenda. Sycorax ni mama yake Caliban, mchawi aliyekufa kabla ya mchezo kuanza. Setebos ni mungu wake. Hakuna hata mmoja anayepanda jukwaani. Tunawajua kwa kutajwa tu. Na miezi yao ni ya lile kundi la nje, isiyoonekana ila kwa darubini kubwa mno. Kama ni bahati, ni bahati yenye akili.

Upande wa Mirihi mambo yalikwenda kinyume: huko fasihi ilitangulia na mwezi ukafuata. Mwaka 1726 Jonathan Swift aliandika, ndani ya safari za Gulliver, kuhusu wataalamu wa kisiwa kinachoelea ambao walikuwa wamegundua miezi miwili ya Mirihi. Akataja na mizunguko yao: wa ndani saa kumi, wa nje saa 21 na nusu. Wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa ameona mwezi wowote huko. Voltaire naye akairudia miezi miwili hiyo katika hadithi yake ya mwaka 1752. Agosti 1877, miaka 151 baada ya Swift, Asaph Hall akaielekeza darubini yake kwenye Mirihi na kuikuta. Miwili kweli. Wa ndani unazunguka kwa saa 7 na dakika 39, wa nje kwa saa 30 na kidogo.

Waliopenda miujiza walipata pa kuanzia. Maelezo ni mepesi zaidi. Mwanaastronomia Kepler alikwisha kukisia zamani: dunia ina mwezi mmoja, Mshtarii wakati ule ulijulikana kuwa na minne, basi Mirihi iliyo katikati yafaa iwe na miwili. Mantiki mbovu, jibu sahihi. Kila aliyewahi kufanya mtihani wa hesabu anaijua hali hiyo. Hata hivyo, wanaastronomia walilipa deni. Kwenye Deimos, mwezi wa nje, kuna kasoko mbili zenye majina, Swift na Voltaire. Kwenye Phobos kasoko kadhaa ni watu wa hadithi ya Gulliver, pamoja na Gulliver mwenyewe.

Majina Phobos na Deimos, yaani Woga na Kitisho, yalitoka kwenye utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, yakapendekezwa na mwalimu wa sayansi wa Uingereza, Henry Madan. Mwaka 1930 sayari mpya ilipogunduliwa, mtoto wa miaka 11 aitwaye Venetia Burney alimwambia babu yake kwamba jina Pluto lingefaa, na likapita. Babu huyo alikuwa mkutubi mstaafu wa Oxford, na Henry Madan alikuwa kaka yake. Ukoo mmoja uliokuwa unasoma vitabu.

Nikiulizwa ni wapi angani ningependa kupelekwa kama msomaji, sitasema Uranusi. Nitasema Enceladus, mwezi wa Zohali wenye upana wa kilomita 504 hivi, mweupe kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ramani yake nzima imechotwa ndani ya Alfu Lela Ulela. Shahrazad ana kasoko, dada yake Dunyazad ana yake, na yule mfalme Shahryar aliyekuwa anaua mke kila asubuhi ana yake. Sindbad yupo. Ali Baba na Aladdin wapo pia, ingawa hadithi zao hazimo kwenye miswada ya kale ya Kiarabu. Aliyeziingiza ni mfasiri Mfaransa Antoine Galland, baada ya kusimuliwa na Hanna Diyab, msimulizi wa Aleppo. Angani hakuna aliyewadai hati.

Kwenye ncha ya kusini ya mwezi huo kuna nyufa nne kubwa sambamba, kila moja na urefu wa kilomita 130 hivi. Zinaitwa Baghdad, Cairo, Damascus na Alexandria. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kiligundua kwamba humo ndimo yanamotoka maji: mivuke na chembe za barafu zikirushwa mamia ya kilomita juu, kutoka bahari iliyofichwa chini ya ganda la barafu. Ni mojawapo ya mahali ambapo wanasayansi wana matumaini ya kukuta uhai nje ya dunia. Yaani mwezi unaopumua kupitia Baghdad na Cairo, uliojazwa majina ya hadithi za Shahrazad, mwanamke aliyejiokoa kwa kutomaliza kusimulia. Walipoanza kuuchotea majina ndani ya Alfu Lela Ulela walikuwa hawajui habari za maji. Mwalimu wetu angelisimamisha somo hapo, akafuta ubao, akaanza upya.

Utaridi ni habari nyingine, maana huko wanapelekwa waandishi wenyewe, si wahusika. Kanuni yake ni kwamba kasoko hupewa jina la msanii, mwanamuziki au mwandishi ambaye amefahamika kwa zaidi ya miaka 50 na amefariki zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Wamo akina Homer, Cervantes, Tolstoi, Dostoevsky, Dickens, Neruda. Wamo Rumi, Kalidasa, Li Po na bibi Murasaki. Tangu 2015 yumo Enheduanna, kuhani wa kike wa mji wa Uri zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, anayehesabiwa kuwa mtunzi wa kwanza duniani ambaye tunalijua jina lake.

Huko ndiko nilikomkuta Raditladi. Januari 2008 chombo cha MESSENGER kilipita karibu na Utaridi na kuona bonde kubwa la mviringo ambalo halikuwahi kupigwa picha, upana wake kilomita 260 hivi, na ndani yake duara jingine la milima. Mwaka huo huo likapewa jina la Leetile Disang Raditladi, mtunzi wa tamthilia na mashairi wa Botswana, aliyezaliwa 1910 akafa 1971. Aliandika kwa Kitswana, na aliitafsiri Macbeth kwa Kitswana. Kwa hiyo mfasiri yuko jirani na jua, kwenye joto linalopita nyuzi 400 mchana, na mhusika aliyemtafsiri yuko Oberon kwenye baridi isiyoelezeka. Mushi naye aliitafsiri Macbeth kwa Kiswahili mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya Tufani. Nilipoligundua hilo niliamka kitini nikatembea chumbani.

Nina malalamiko pia, nisionekane kama niliyelewa. Miezi ya Uranusi imefungiwa washairi wawili wa Kiingereza, Shakespeare na Pope, na hakuna dalili ya kubadilika. Agosti 2025 ilitangazwa kwamba darubini ya James Webb imeona mwezi wa 29, jiwe la kilomita 10 tu, na hilo nalo kwa desturi litangoja mtu kutoka rafu ile ile. Zohali wamefanya vizuri zaidi, maana kuna miezi yenye majina ya Wainuit na mingine ya mataifa ya kaskazini. Utaridi, kwa kanuni zake, haina sababu ya kumkataa Shaaban Robert, aliyefariki 1962, wala Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840. Kasoko zisizo na jina huko ni nyingi mno. Kinachohitajika ni pendekezo lenye maelezo yaliyonyooka, na kamati isome.

Mlango mwingine, mpana zaidi, ulifunguliwa kwa sayari za mbali, zile zinazozizunguka nyota nyingine. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliruhusu umma upige kura, na nyota moja iliyo umbali wa miaka nuru 50 hivi ikawa Cervantes. Sayari zake nne zikawa Dulcinea, Rocinante, Quijote na Sancho, wahusika wa riwaya yake Don Quijote. Angalia zilivyopangana kuanzia karibu na nyota: bibi anayependwa mbele kabisa, kisha farasi, kisha shujaa, na mtumishi nyuma anafuata. Dulcinea huizunguka nyota kwa siku zisizofika kumi, ilhali ndani ya kitabu hatokei hata mara moja.

Mwaka 2019 kila nchi iliyotaka ikapewa nyota moja na sayari yake. Colombia ikaita nyota Macondo na sayari Melquíades, kijiji na mtu wa riwaya ya Gabriel García Márquez; yule mchuuzi aliyepeleka darubini kijijini sasa anatazamwa kwa darubini. Poland ikachagua Solaris na Pirx, wa Stanisław Lem. Pakistan ikachukua picha ya kale ya ushairi wa Kiurdu, Shama na Perwana, taa na mdudu anayeizunguka mpaka aungue. Shama ni ndugu wa damu wa neno letu mshumaa. Na Kiswahili kimo humo humo: Tanzania iliita nyota yake Mpingo. Hakuna mhusika, hakuna shairi, mti tu. Silaumu, ila nilitamani mtu angewakumbuka watunzi.

Asteroidi nazipita haraka, maana ni maelfu kwa maelfu, lakini moja siwezi kuiruka. Mwana mdogo wa mfalme, wa Saint-Exupéry, alitoka kwenye asteroidi B 612. Ukiichukua hiyo B612 kama namba ya kompyuta yenye msingi wa 16, unapata 46610. Asteroidi namba 46610 ipo kweli, na imepewa jina Bésixdouze, yaani B-sita-kumi-na-mbili kwa Kifaransa. Kuna mtu alikaa akapiga hesabu hiyo.

Novemba 2025 Uranusi ilikuwa karibu na Kilimia, lile fungu la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kuitafuta. Nilitoka nje na darubini ya macho mawili, nikaanzia kwenye Kilimia, nikashuka taratibu nikiwa na ramani kwenye simu. Kidoa kilichofifia, kina weupe wa kijani kwa mbali. Nilikaa nacho kama robo saa. Miezi haionekani kwa kifaa kama changu, hata ule mkubwa kuliko yote.

Nilirudi ndani nikaandika kwenye kundi kwamba nimeiona Uranusi, kwamba Prospero na Miranda wako pale, na kwamba samahani kwa maneno ya siku ile. Nikaongeza kuwa nimezitazama namba za kwenye cheti: nyota ipo kweli mahali hapo, ni dhaifu tu, haifikiwi na darubini yangu.

Jibu la aliyenunua lilikuja usiku wa manane.

"Sawa," aliandika. "Kama Setebos."